Kazi ya muuguzi msaidizi: mwongozo kwa anayeanzia Lubumbashi

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kufunguliwa, lazima atokee mtu wa kuniuliza cheti cha CNA kinapatikana wapi hapa Lubumbashi. Ana binamu Texas au dada Kentucky anayefanya kazi hiyo, anatuma pesa kila mwezi, na amesema kwenye simu kwamba alisoma wiki chache tu. Basi niseme mapema: hapa hakipatikani. CNA ni muuguzi msaidizi aliyeandikishwa na jimbo mojawapo la Marekani baada ya kufaulu mtihani wa jimbo hilo. Kituo chochote cha Katuba, Kampemba au mjini kati kinachokuuzia "CNA ya kimataifa" kinakuuzia karatasi ya kutundika ukutani.

Kazi yenyewe ni jambo jingine. Kumwosha mgonjwa, kumgeuza, kumlisha, kumpima na kuandika ulichokiona hufundishika hapa hapa, tena vizuri, na mwili wa mgonjwa haubadiliki ukivuka mpaka. Kwa hiyo tutaanza na karatasi, ili usitupe pesa, kisha tutakaa sana kwenye mikono, maana ndiyo inayopimwa, na baadaye tufike kwenye mtihani na kazi.

Hatua ya 1: Amua karatasi yako itatumika nchi gani

Hapa Kongo ngazi za uuguzi ambazo kila mwenye zahanati anazijua ni A2, A1 na A0. Wazee wa A3 bado wapo, na wengine wana mikono mizuri kuliko sisi sote, ila hiyo ni ngazi ya zamani. A2 husomwa ITM, yaani shule ya sekondari ya ufundi wa afya, kwa miaka 4, baada ya kumaliza mwaka wa 8 wa shule, chini ya Wizara ya Afya, na huishia kwenye mtihani wa juri. A1 husomwa ISTM, yaani chuo cha juu cha ufundi wa afya, au chuo kikuu, inadai kwanza diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, na huchukua miaka 3. A0 inaongeza masomo juu ya hapo. Tangu sheria ya mwaka 2016 iliyounda Ordre ya wauguzi, yaani chama chao cha kisheria, anayefanya kazi kwa jina la muuguzi anatakiwa kuandikishwa humo.

Chini ya ngazi hizo iko kazi ya msaidizi: yule anayekaa na mzee aliyepooza nyumbani, mtaa wa Golf au Makomeno, anayeshinda kwenye kituo cha afya akitandika vitanda, akiosha wagonjwa na kubeba vyombo. Watu huifunza kwa miezi michache katika vituo vya watu binafsi au vya makanisa, na huduma ya kwanza huipata kwa Msalaba Mwekundu. Ni kazi halali, inalisha nyumba. Haikupi ruhusa ya kuchoma sindano wala ya kufungua zahanati kwenye gereji ya mjomba.

Ukiniuliza maoni yangu: mwenye umri na uwezo wa kulipa minervali (ada) ya ITM au ISTM, aende huko. Msaidizi mwenye A2 anafanya kazi ya msaidizi na mlango wa mbele yake unabaki wazi. Anayelea watoto peke yake na anayehitaji mshahara kabla ya mwaka kwisha, aanze na usaidizi, asione haya.

Kwa anayetazama nje, masaa ya mafunzo hutofautiana sana, na hapo ndipo watu hudanganywa. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 ilidai mafunzo yasiyopungua saa 75, na majimbo yana ruhusa ya kudai zaidi. California inadai 160. Ufaransa, diploma ya serikali ya aide-soignant, yaani muuguzi msaidizi, tangu mageuzi ya 2021 ni saa 1,540, nusu darasani na nusu kwenye staji, yaani mazoezi kazini. Quebec wana mafunzo yao ya saa 870 kwa kazi hiyo, hospitalini na nyumbani. Ukisikia mtu anasema cheti chake cha wiki 6 kinafanya kazi "Ulaya na Amerika yote", umeshapata jibu lako.

Hatua ya 2: Ikague shule kabla ya kulipa

Usianze na bei. Anza na swali hili: wanafunzi wenu wanafanya staji wapi, na nani anawasimamia? Shule ya kweli itakutajia hospitali, itakuonyesha barua ya makubaliano, na itakupa jina la wodi. Shule ya ujanja itakuambia "hiyo tutaona baadaye". Omba kuona hati ya serikali inayoiruhusu kufundisha. Kama mkurugenzi anakasirika kwa kuulizwa, toka. Unaweza pia kuuliza kwenye ofisi ya Divisheni ya Afya ya Mkoa. Wanaijua ITM ipi imeruhusiwa na ipi inaendeshwa kwa jina tu.

Ingia darasani, usiishie ofisini. Kuna kitanda? Kuna mwanasesere wa kufanyia mazoezi, au hata shuka na mito ya kutosha? Kuna mahali pa kunawa mikono? Nimeona vyumba vyenye mabango mazuri ya mifupa na hakuna hata beseni. Mtu hawezi kujifunza kuosha mgonjwa kwenye ubao.

Mwisho muulize mwanafunzi anayemaliza, muwe nje ya geti, mkiwa wawili tu, alilipa nini zaidi ya kile kilichoandikwa. Bluzi, karatasi za mitihani, pesa ya staji, pesa ya kutoa cheti: vijipesa hivyo vikijumlishwa vinaweza kupita minervali yenyewe.

Hatua ya 3: Jiandae wewe mwenyewe

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Anza sasa, usingoje staji, kwa sababu damu na sindano utakutana navyo kabla hujazoea. Nunua viatu vilivyofunikwa mbele, visivyoteleza kwenye sakafu yenye maji. Saa yenye mshale wa sekunde, ya bei yoyote. Daftari dogo linaloingia mfukoni. Kucha zikatwe, rangi itoke, na pete ibaki nyumbani.

Hatua ya 4: Fundisha mikono

Hapa usiwe na haraka. Vitabu unaweza kuvisoma usiku, lakini haya yanataka yafanywe, yarudiwe, na mtu awe anakuangalia.

Tuanze na kunawa. Sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60: kiganja kwa kiganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, migongo ya vidole ikisuguliwa ndani ya kiganja kingine, vidole gumba, kisha ncha za vidole. Gumba na ncha ndivyo vinavyosahaulika, na ndivyo vinavyogusa kila kitu. Robineti ya REGIDESO, shirika la maji, ikikauka, na hukauka, bidoni ya lita 20 iliyowekewa robineti ndogo chini ni bora mara nyingi kuliko beseni ambalo wodi nzima imeshatumbukiza mikono. Dawa ya alkoholi inataka sekunde 20 hadi 30, mradi mikono haina uchafu unaoonekana. Ukitoka kwa mgonjwa wa kuhara, rudi kwenye sabuni na maji. Nyakati za kunawa ni 5: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka hata kama yeye hukumgusa. Glavu hazifuti hata wakati mmoja kati ya hizo. Anayepita kitanda hadi kitanda na glavu zile zile anajilinda yeye tu, wagonjwa anawahamishia vijidudu.

Kumgeuza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila saa 2, mchana na usiku, la sivyo nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu na kuoza. Sehemu za kuangalia ni mfupa wa chini ya kiuno, visigino, nyonga, viwiko, mabega na kisogo. Simama upande ambao unataka ageukie. Mwambie unachofanya. Mkono wake ulio karibu nawe uusogeze mbali na mwili ili asiulalie, mkono wa mbali uuweke kifuani, goti la mbali ulikunje. Shika bega la mbali kwa mkono mmoja na nyonga ya mbali kwa mwingine, kisha mvute aje kwako kwa uzito wa mwili wako, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Mto nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, na kitu chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Usimlaze juu ya mfupa wa nyonga kabisa; mwinamo wa digrii 30 unatosha. Mito haipo? Blanketi lililoviringwa linafanya kazi ile ile.

Kumsogeza juu kitandani, kuelekea mto, usimburute. Ngozi inabaki kwenye shuka, mfupa unakwenda, na hapo kidonda kinazaliwa. Kunja kitenge kizito, kipitishe chini yake kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili washike pande mbili karibu kabisa na mwili, wahesabu pamoja, wanyanyue. Kitenge cha mgonjwa mwenyewe karibu kila mara kipo pale. Ndicho kifaa cha kwanza ninachokitafuta nikiingia chumbani.

Neno moja kuhusu ngozi, kwa sababu vitabu vingi viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Vinakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Pitisha mgongo wa mkono: je, mahali pale pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu, pamelegea kama tope? Rangi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau? Anaugulia ukigusa? Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na mahali hapo usipasugue wala kupakanda, mwondolee uzito na uite muuguzi. Vivyo hivyo upungufu wa damu tazama ndani ya kope na viganjani, na ukosefu wa hewa tazama midomo, ulimi na kucha.

Kumwosha kitandani. Maji ya vuguvugu, yapime kwa kifundo cha mkono wako, kisha yeye ayaguse kama anaweza. Funga mlango au vuta pazia. Kama hakuna pazia, funga kitenge kwenye kamba. Funua sehemu moja tu kwa wakati, ioshe, ikaushe, ifunike. Macho kwanza, bila sabuni, kutoka pembe ya puani kwenda nje, na kila jicho na upande wake wa kitambaa. Kisha uso, mikono, kifua, tumbo, miguu, mgongo, na sehemu za siri mwisho, kwa maji mapya na kitambaa kingine. Kwa mwanamke, siku zote kutoka mbele kwenda nyuma. Kausha vizuri mikunjo: kwapa, chini ya matiti, kinena, kati ya vidole vya miguu. Anayeweza kujiosha uso, mpe kitambaa ajioshe. Usimpore kazi ambayo bado anaiweza.

Hapo heshima ina sura yake kwetu. "Jambo mama. Mulilala muzuri? Naomba niwaoshe sasa." Mzee humwiti kwa jina kavu, ni papa, ni mama, ni nkambo (babu au bibi). Mkwe wa kiume asiwemo chumbani mama mkwe anapooshwa, na usingoje aombe kutoka. Mtume akachote maji, ataelewa na atakushukuru kimoyomoyo. Binti na baba yake, vivyo hivyo. Mgonjwa akisema anataka kuoshwa na mwanamke mwenzake na yupo, mwite. Hakuna haja ya kubishana.

Kumlisha. Mkalishe wima kadiri kitanda kinavyoruhusu, kidevu kimeinama kidogo, si kutazama dari. Kijiko kidogo, nusu. Ngoja ameze, uone koo limepanda na kushuka, ndipo kijiko kingine. Aliyepooza upande mmoja, weka chakula upande wenye nguvu na baadaye tazama shavuni kama kimebaki. Akikohoa, akitokwa machozi, au sauti yake ikawa kama ina maji ndani, simamisha na uite. Baada ya kula abaki ameketi angalau dakika 30. Familia hupenda kumlisha mgonjwa amelala, eti amechoka, na bukari (ugali) kavu juu yake. Waonyeshe kwa upole: tonge dogo, lichovywe vizuri kwenye mchuzi, au uji mzito kabla ya bukari. Wakikuona unafanya, watafuata.

Nguo na kiti kwa haraka. Kuvika: mkono dhaifu uingie kwanza. Kuvua: mkono wenye nguvu utoke kwanza. Kumhamisha kwenye kiti: kiti kikae upande wake wenye nguvu, magurudumu yafungwe, akae kidogo pembeni mwa kitanda kabla ya kusimama ili kichwa kisimzunguke. Usimruhusu akuning'inie shingoni.

Kumpima. Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya moyo ni 60 hadi 100 kwa dakika, pumzi 12 hadi 20, joto karibu 36.5 hadi 37.5, na tansio (shinikizo la damu) inayokaribia 120 juu ya 80. Termometa ya kwapani husoma chini kidogo kuliko ya mdomoni, kwa hiyo andika ulipimia wapi. Mapigo yahesabu kwa vidole viwili kwenye kifundo, upande wa gumba la mgonjwa. Usitumie gumba lako, lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima hasa kama hayaendi sawasawa. Pumzi zihesabu bila kumwambia: endelea kushika kifundo kama vile bado unahesabu mapigo, macho yakiwa kifuani. Ukimwambia "nahesabu unavyopumua", atabadilisha, hata wewe ungebadilisha. Na namba usiyoisikia vizuri usiitunge. Pima tena, au mwite mwenzako apime.

Kifuko cha mkojo kikae chini ya kiwango cha kibofu, lakini kisiguse sakafu. Unapokimwaga, soma kiasi kabla, andika, kisha mwaga. Jua kikombe cha wodi yako kinaingia mililita ngapi, maana utaulizwa amekunywa kiasi gani, na "amekunywa kidogo" si kiasi.

Na kuandika kwenyewe ni kazi ya mikono pia. Andika ulichoona, si ulichofikiri. "Amekula vibaya" haimsaidii daktari. "Saa 12 jioni amekula vijiko 4 vya uji, amekataa bukari, amesema tumbo linauma upande wa kulia" inamsaidia. Saa, namba, maneno ya mgonjwa mwenyewe. Ukikosea, piga mstari mmoja, weka sahihi, andika upya. Usifute wala kupaka weupe.

Hatua ya 5: Staji

Hospitali ya Sendwe, Kliniki za Chuo Kikuu au kituo kidogo cha mtaa, popote utakapopelekwa, fika kabla ya wauguzi kupokezana zamu na usimame karibu usikilize. Robo saa hiyo inakufundisha zaidi ya asubuhi nzima ya kukimbizana: nani amelala vibaya, nani hajakojoa, nani aangaliwe sana. Tafuta muuguzi mmoja mzee asiyependa makelele, umfuate. Anayetangaza kila anachojua mara nyingi hana subira ya kukuonyesha.

Hospitali zetu zina watu wawili kwa kila mgonjwa: mgonjwa na anayemlinda. Dada, shangazi au mama mdogo huyo amelala chini ya kitanda, anapika, anafua, anakimbilia famasi. Mwanafunzi mjinga humfukuza kwa sababu anazuia njia. Mwenye akili humfanya awe mwenzake: anamwonyesha kunawa, anampa saa za kugeuza, anamuuliza usiku ulikwendaje. Yeye ndiye atakayeendelea na kazi mgonjwa akirudi Ruashi, na anajua mambo ya mgonjwa ambayo fishi (faili lake) haina.

Mpaka wako ujue na uulinde. Msaidizi hatoi dawa, hachomi sindano, hawekei sonda (mpira wa kuingizwa mwilini), haongezi wala hapunguzi mwendo wa serumu (dripu). Watakuomba. "Yaya, tuchomee tu hiyo, muuguzi amechelewa." Mtaani itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu ukivaa bluzi nyeupe mara moja umeshakuwa daktari wa mtaa mzima, na malaria ya mtoto wa jirani italetwa mlangoni kwako saa 4 usiku. Jibu ni moja: twende kituo cha afya, nawasindikiza. Kuwasindikiza ni muhimu kuliko kukataa.

Simu ibaki mfukoni. Picha ya mgonjwa kwenye WhatsApp, hata ya kusifu, hata uso ukiwa umefichwa, ni mwisho wa kuaminiwa.

Hatua ya 6: Kwa mwenye karatasi za kwenda Marekani

Hapa nazungumza na mtu ambaye tayari ana ruhusa ya kuishi na kufanya kazi kule. Hakuna nafasi ya kozi unayopaswa kuilipia ukiwa Lubumbashi. Subiri ufike kwenye jimbo utakaloishi, kwa sababu mtihani na rejista ni vya jimbo.

Saa 75 za shirikisho zina mpangilio wake. Angalau 16 ni mazoezi chini ya usimamizi wa muuguzi. Na kabla hujagusana na mkaazi wa nyumba ya wazee kwa mara ya kwanza, unatakiwa uwe umepata saa 16 za mambo ya msingi: mawasiliano, kuzuia maambukizo, usalama na dharura pamoja na mtu aliyekabwa na chakula, kumwacha mkaazi ajitegemee, na haki zake.

Jambo ambalo watu wetu hawaambiwi ni pesa. Nyumba ya wazee inayopokea fedha za serikali, yaani Medicare au Medicaid, hairuhusiwi kumtoza mafunzo wala mtihani mtu ambaye imeshamwajiri au kumwahidi kazi. Na uliyejilipia mwenyewe ukapata kazi kwenye nyumba ya namna hiyo ndani ya miezi 12, una haki ya kurudishiwa. Kwa hiyo kabla ya kutoa dola zako kwa shule, piga simu kwenye nyumba za wazee za mji wako uulize kama wanafundisha wenyewe. Ukiajiriwa kabla ya cheti, una miezi 4 ya kumaliza.

Mtihani una sehemu mbili. Ya nadharia huandikwa, na sheria inakupa haki ya kuomba ifanywe kwa kusomewa kwa mdomo. Kama Kiingereza chako cha kusikia ni kizuri kuliko cha kusoma, omba. Ya pili ni ya mikono. Kwenye NNAAP, mtihani ambao majimbo mengi yameutumia, nadharia ni maswali 70 ya kuchagua, na mikono ni kazi 5, mojawapo ikiwa ni kunawa. Mengine ni yale yale ya hatua ya 4. Mtahini anaangalia pia vitu vidogo vinavyozunguka kazi: umebisha hodi, umejitambulisha, umeeleza, umevuta pazia, na ulipomaliza umeshusha kitanda na kuweka kengele mahali mgonjwa anapoifikia. Kengele na kushusha kitanda vifanyie mazoezi mpaka mikono ivifanye yenyewe, kwa sababu vitanda vingi vya huku havina kengele wala havishuki, na mazoea yetu hayavijui. Ukianguka mtihani, jimbo lazima likupe angalau nafasi 3 kwa jumla.

Ukifaulu, jina lako linaingia kwenye rejista ya jimbo, na mwajiri ataliangalia humo kabla ya kuangalia cheti chako. Ukikaa miezi 24 mfululizo bila kazi ya kulipwa ya uuguzi, utatakiwa kufunzwa na kupimwa upya. Kosa la kumtesa au kumwibia mkaazi likithibitishwa, nalo linaandikwa humo. Kila mwaka mwajiri anatakiwa kukupa mafunzo ya nyongeza yasiyopungua saa 12.

Mwenye A2 au A1 asitupe diploma yake. Majimbo mengine humruhusu muuguzi aliyesomea nje kufanya mtihani wa CNA bila kurudia kozi. Uliza kabla ya kulipia darasa. Lakini ajue pia kwamba kuwa muuguzi kamili kule kunadai tathmini ya masomo na NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, na hiyo ni safari nyingine ya miaka. Chukua nakala za alama zote, zigongwe muhuri na shule, kabla hujapanda ndege. Kuzitafuta ukiwa mbali, mhasibu amebadilika na mkurugenzi amehama, ni mateso.

Hatua ya 7: Kazi hapa mjini

Usipeleke barua tu. Nenda na barua ya aliyekusimamia staji, na ukubali kujaribiwa siku moja mbele ya muuguzi mkuu. Anayejua kugeuza mgonjwa vizuri huonekana ndani ya dakika tano.

Kwa kazi ya nyumbani, wengi huingia kwa maneno ya kanisani: "njoo umwangalie mama, tutaelewana." Hamtaelewana. Kaeni na mtoto mkubwa wa familia, yule anayelipa, muandike ukurasa mmoja. Saa za kuingia na kutoka. Mshahara kwa dola au kwa faranga, na tarehe. Nani ananunua glavu, sabuni na pampasi, maana zikiisha Jumapili usiku utaambiwa utumie mifuko. Kazi zako ni zipi, na kwamba kufua nguo za watoto na kupikia nyumba nzima si mojawapo. Namba ya simu ya daktari, na nani anaamua kumpeleka hospitali kukiwa na dharura na baba hayupo. Kama ni zamu ya usiku, andikeni na jina la atakayekupokea asubuhi, kwa sababu mgonjwa haachwi peke yake na wewe huwezi kuunganisha usiku na mchana.